Kafi ya Tata Ndani ya Kapela

Enzi zetu pale Nchelenge, siku ya Mungu ilianza na harufu ya chisense. Samaki hao wadogo walianikwa kwenye mchanga, na sisi watoto tulipita katikati yao na nguo za kanisa, tumepakwa mafuta mpaka tunang'aa, mama akituonya kwamba mutu akianguka humo atasali akinuka. Tulipanda mpaka kapela ya matofali, ile leo iko ndani ya iniversite.

Mutu akizama ndani ya ziwa Mweru na mwili usionekane, jamaa yake walileta kafi yake, ile aliyosukumia mutumbwi, wakaisimamisha ukutani mwa kapela. Hiyo njo ilikuwa kaburi yake. Mupini wa kafi ya tata, baba yetu aliyezama hivyo, ulikuwa mweusi kwa jasho la mikono yake. Tulipiga magoti, tukapiga makofi polepole vile unasalimia mukubwa, kisha mama alimupa tata habari zote: nani amezaa, nani amefaulu masomo, nani ameiba karanga. Mwizi wa karanga nilikuwa mimi, na niliogopa tata asikie ile kuliko fimbo. Nyumbani tulikula bukari, ule ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo na samaki, sahani moja. Watoto wa leo wanakula, macho kwenye telefone. Sisi macho yetu yalichunga samaki, ndugu asikumalizie.

Mwezi uliopita mama alikufa kule Kongo, kwenye tulihamia. Baada ya matanga nilivuka ziwa, nimwambie tata.

Mayo! Niliingia nikashika mudomo. Kafi zote zimepakwa vernis ya kung'aa, zimepigiliwa misumari juu ya televizyo kubwa, na wanafunzi wanajipiga foto chini yake wakitoa ulimi. Nilitafuta ya tata, nikaitambua kwa ubapa wake. Ilikuwa fupi. Nikakaa kwenye benchi.

Kijana anayechunga kapela alikuja kunisalimia vizuri, na heshima yote. Nikamuuliza mupini uko wapi.

"Zilikuwa ndefu, mama, zilifunika televizyo. Tulizikata kidogo tu."

"Na vile vipande?"

"Tulivitia motoni, tukapikia ugali wa nshima, siku ya sherehe."

Alisema vile bila ubaya, na hiyo njo iliniumiza zaidi. Hakuna mutu alimwambia kwamba kafi zile ni makaburi. Sisi wenyewe tulihama, tukanyamaza.

Zamani ziwa lilitunyang'anya watu, lakini tulijua pa kuwasemesha. Leo mikono ya tata imekuwa majivu ya jikoni, na mimi nilishuka kilima na kifo cha mama kinywani, sijui nimwambie nani.