Msomaji wa Vifo na Kitabu cha Kuku

Kwa miaka ishirini na minne, mtu wa Goma hakuhesabika kuwa amekufa sawasawa mpaka Édouard Cikuru amtangaze redioni. Familia zilileta karatasi zao, kisha zikaomba jambo moja tu: asome yeye, si mwenzake wa asubuhi anayekimbia kama aliyeacha sufuria motoni. Cikuru hakukimbia. Alisema, "Familia ina huzuni kubwa kuwajulisha ndugu, jamaa na marafiki," akapumua kidogo, na katika pumzi ile wanawake wa mtaa wa Mabanga walianza kulia kabla ya kujua wanamlilia nani.

Sauti kama hiyo hutunzwa. Matangazo yalikuwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo tangu saa tisa hakuna mtu nyumbani aliyemsemesha. Alikunywa maji vuguvugu yenye asali na kujibu kwa nyusi. Binti yake Dorine, alipokuwa na miaka mitano, alimletea kitabu cha picha alichopewa parokiani, kisicho na jalada. Cikuru akaonyesha koo lake kwa kidole, kisha akaonyesha mlango. Dorine alikuwa mtoto wa adabu, hakurudi tena na kitabu. Baba yake alihesabu hilo kuwa malezi mema.

Shuleni Dorine alisoma kama mtu anayevuka mawe ya volkano bila viatu. Alirudia mwaka wa pili, akarudia wa nne, akaacha. Leo ananunua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye soko la Kituku, anazikausha na kuziuza. Baba yake alisema mtoto hana kichwa. Hilo hakulitangaza redioni, lakini mtaa mzima ulilipata.

Sasa Cikuru amestaafu, na Dorine ana binti wa miaka minne, Chance, anayesoma maternelle, shule ya chekechea. Kila Ijumaa mwalimu anawapa watoto kitabu cha kusomewa nyumbani.

"Papa, wale wanasomewa wanakuja na maneno," mwalimu alimwambia Cikuru. "Huyu wenu anakuja na kidole. Anaonyesha tu."

"Madame," Cikuru akajibu, "kwa kusoma, mumefika kwa mwenyewe."

Alisema kwa majivuno, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikibeba kitabu kwa mikono miwili. Alikuwa ameanza kufahamu, bila kumwambia mtu, ni nani aliyemnyima Dorine maneno. Kwa huyu mdogo alitaka asikosee.

Jumamosi, baada ya chakula, alivaa miwani, akamweka Chance kwenye goti, akakohoa.

"Kuku alikuwa na vifaranga sita." Akapumua. "Tangu jana asubuhi, kimoja hakijaonekana."

Chance akamtazama babu yake usoni. "Koko, ni nani alikufa?"

"Hakuna mutu alikufa. Ni kuku."

"Kuku alikufa?"

"Kuku iko muzima. Anatafuta mutoto yake."

"Aah. Mutoto yake njo alikufa."

Cikuru akaanza upya, safari hii kwa furaha. Furaha yake ilikuwa ya mtu anayetangaza kwamba mazishi yameahirishwa. Kufika ukurasa wa tatu, mdomo wa mtoto ulikuwa unatetemeka.

"Muzee!" mke wake Domitille akacheka kutoka jikoni. "Hata kuku unamufanyia matanga?"

Chance akateremka gotini, akachukua kitabu, akampelekea mama yake uani, alikokuwa anachambua sambaza.

"Mimi najua kidogo tu," Dorine akasema.

"Soma."

Dorine akapangusa mikono, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Alisoma silabi moja moja. Kila alipokwama, Chance alitia neno lake: kifaranga kilienda sokoni, kifaranga kilipanda chukudu ya mbao ya kubebea mizigo, kifaranga kiliona baridi. Dorine aliyakubali yote, akaendelea. Mtoto wa kidole alikuwa anasema mengi kuliko kitabu.

Cikuru alisimama mlangoni. "Ulijifunza wapi kusoma vile?"

"Sikujifunza, papa. Njo maana naenda pole." Dorine hakuinua macho. "Wewe nilikuwa nakusikiliza ku radio kila siku. Nilikuwa napenda siku watu wengi walikufa."

"Dorine!"

"Siku ile ulikuwa unakawia kusoma, na mimi nakusikia zaidi."

Alisema bila hasira, kama anayetaja bei ya samaki. Cikuru alikuwa na maneno ya pole ya miaka ishirini na minne, yote ya watu wengine.

Akavuta kigoda, akaketi pembeni. Kwenye ukurasa wa mwisho Dorine alikutana na neno refu, akalijaribu, likamshinda, akalijaribu tena. Cikuru alilijua. Akafungua mdomo. Chance akamgeukia kwa wasiwasi, kama mtu anayengojea jina la marehemu. Cikuru akaufunga.

Mara ya tatu Dorine alilipata. Wakapiga makofi, mama na mtoto, wakarudi ukurasa wa kwanza. Cikuru akasogeza kigoda ili aone picha. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna pia aliyempa kitabu.