Kura ya Wembe

Juzi nilipeleka suruali kupunguzwa kwa mafundi cherehani pale Magu. Fundi alifumua mshono kwa wembe, kisha akauachia wembe ukaanguka sakafuni, katikati ya vipande vya nguo.

Mama anayefagia akasimamisha ufagio.

"Wa jana niliuokota kwa hiki," akasema, akinyoosha kidole kilichofungwa kitambaa. Akasogeza kopo la maziwa ambalo mfuniko wake umetobolewa tundu jembamba, kama la sanduku la uchaguzi. "Fundi, piga kula."

Fundi akacheka. "Ni kura, mama, siyo kula."

"Haya. Piga."

Fundi akainama, akauokota wembe, akautumbukiza.

Kosa la herufi moja lilisahihishwa papo hapo. La wembe lilisubiri mpaka mtu akatwe kidole.