Pale Mtoto Anapogeuka

Baba alikuwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani Namanga, na kama wenzake wengi wa kazi hiyo, hakurudi nyumbani mikono mitupu. Safari moja alileta kamera ya video aliyoinunua kwa dereva wa lori, na tangu siku hiyo hatukuwa na amani. Tulirekodiwa tukila, tukikama, tukitoka kanisani, tukigombana. Yeye mwenyewe hakuonekana hata mara moja, maana hakumruhusu mtu mwingine aishike. Alipofariki alituachia begi la kanda zenye kila mtu isipokuwa yeye. Yeye alibaki sauti tu.

Ndugu zangu walijua ni mimi nitakayezishughulikia, kwa sababu nina tabia ya kushika mambo kabla sijaombwa. Nilizipeleka kwenye duka moja hapa Kitengela, fundi akazihamishia kwenye flashi. Aliponiuliza kanda zenyewe azifanyeje, nilimwambia atupe. Zilikuwa zimeota ukungu, na nyumba yangu ni ndogo.

Kisha nikaweka kwenye kompyuta programu ya bure ya kuunganishia video, na kila Jumapili baada ya ibada nilikaa mezani nikikata na kuunga. Ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Picha zinajipanga kwenye mstari mmoja, sauti kwenye mstari wa chini yake, unakata usichokitaka, unavisogeza vilivyobaki vishikane. Niliondoa ukuta ambao baba aliurekodi kwa kusahau kuzima kamera. Niliondoa kwato za ng'ombe, na zilikuwa nyingi. Suruali aliyovaa kaka yangu mkubwa kwenye harusi yake niliiacha, tena nikaisogeza karibu ionekane vizuri. Nilijiona mtu wa maana sana.

Lakini kulikuwa na mtoto. Kitindamimba wetu alifariki kabla hajaanza shule, na kwetu Wamaasai mtoto akifa, jina lake haliitwi tena nyumbani. Halitajwi mbele ya mama yake, wala mtoto mwingine hapewi jina hilo. Tumeokoka na Biblia tunaisoma, ila hilo hatujaliacha. Mama hakulitamka tena tangu siku ile, na sisi pia hatukulitamka. Sasa kwenye kanda, mtoto anatembea akiyumbayumba nyuma ya ndama, na baba, kutoka nyuma ya kamera, anamwita. Anamwita huku akicheka, akilivuta lile jina mwishoni, na mtoto anageuka.

Nilishtuka. Nilimwaza mama amekaa sebuleni, nyumba imejaa watu, na jina hilo linatoka kwenye televisheni. Basi nikalitafuta kila lilipokuwa. Ilibidi nilisikilize tena na tena nijue linaanzia wapi na kuishia wapi, kisha nikaikata sauti na kuweka wimbo wa kwaya juu yake. Nilipomaliza nilijipongeza kwa adabu yangu. Kompyuta ililalamika kwamba imejaa, nikavifuta vile vipande vya mwanzo vilivyotoka kwenye kanda. Nikavifuta kwenye flashi pia, ili filamu yenyewe ipate nafasi.

Tuliitazama nyumbani kwa mama, Kajiado, wajukuu wakiwa likizoni. Kaka yangu alikana suruali ile mbele ya ushahidi wote, watu wakacheka, na mama akacheka nao. Kisha mtoto akatokea na ndama wake. Mama akasogea mbele kwenye kiti. Kwaya ikaimba, mtoto akageuka, akatabasamu. Mama akaniomba nirudishe nyuma, nikarudisha. Akaniomba niongeze sauti, nikaongeza, na kwaya ikazidi kuimba.

Wengine walipotoka kwenda kula nyama, alinishika mkono nisiondoke.

"Hapo babako alikuwa anamuita," akasema. "Mbona sisikii?"

Nilimweleza. Niliongea haraka, kwamba nimelitoa kwa heshima yake, kwamba mila naijua, kwamba sikutaka aumie mbele za watu. Aliniacha nimalize yote.

"Nakerai, mwanangu, mimi siwezi kumuita, hiyo najua. Nilikuwa nangojea babako amuite."

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa yule fundi kabla hajafungua. Kanda zilikuwa zimeshaenda na takataka zamani. Aliihangaikia flashi siku nzima, na alichopata ni filamu yangu tu, na kwaya yake. Kwanza nilimkasirikia yeye, kisha mila, kisha hata baba kwa kutoacha nakala. Hasira hizo hazikudumu. Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mwenyewe, nikijisifu huku nayamwaga. Ningempigia mama simu nimuulize. Ningeuliza tu. Niliona aibu hata kumtazama usoni, na kwa muda mrefu nilisingizia kazi ili nisiende kwake.

Nilipoenda hatimaye, nilimkuta barazani akitunga shanga. Hakunilaumu. Alinipa chai, akaniuliza habari za watoto, akaendelea kutunga. Baadaye akasema, bila kuinua macho, "Wewe ulisikia?"

"Nilisikia, yeyo."

"Alimuita vizuri?"

Nikamwambia alimwita vizuri, akicheka. Akaitikia kwa kichwa. Nilitaka kumweleza zaidi na sikujua namna bila kulitaja lile jina. Kwa kulisikiliza ili nilifute, nimelishika lote kwa sauti ya baba, linavyoanza taratibu, linavyopanda, linavyovutwa mwishoni, na hakuna mtu mwingine duniani aliye nalo. Mama aliweka shanga chini, akaanza kuutazama mdomo wangu, akangoja. Nikaufunga.