Namba Iliyoingizwa ni Yake, Mkono Uliobonyeza ni Wangu

Admin, nifiche jina na mtaa wangu usiutaje, maana Wazanzibari wa London tunajuana mpaka kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na moja, nimeolewa, nina watoto, nafanya kazi supamaketi moja huku mashariki ya mji. Wenzangu, nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanitukana. Matusi nastahiki, lakini nataka na akili zenu.

Nilipoanza kazi pale, miaka ya tisini, chakula kilikuwa kinatupwa mpaka roho inakuuma. Samaki, mikate, maembe, mtindi, kikifika tarehe yake tu kinaingia pipani. Meneja wa wakati ule alikuwa na huruma, akaturuhusu wafanyakazi tuchukue kinachobaki wakati wa kufunga. Nyama sikuigusa, si halali. Vilivyobaki nilibeba mpaka mabega yakiniuma. Ikifika Ramadhani nikipeleka msikitini, wakala wajane na vijana wanaoishi peke yao. Walikuwa wananisubiri mlangoni, wananiombea dua kwa jina langu. Sikuwahi kusema nimenunua, ila sikuwahi kusema sikununua pia, na utamu wa kusifiwa ukaniingia.

Basi zikaja mashine. Ni kidude cha mkononi, unamulika ile mistari ya bei, kinakwambia tarehe ya samaki huyu inaisha leo, mpunguzie bei mapema. Unabonyeza, kinatoa stika ya manjano, unaibandika, wateja wanagombania. Na kompyuta nayo inakumbuka: mikate ikibaki wiki hii, wiki ijayo inaagiza michache. Haukupita muda pipa likawa halina kitu. Ni jambo jema, wallahi, nani anapenda chakula kitupwe? Ila mimi nikanuna. Ramadhani ile nilikwenda msikitini na kibakuli cha kaimati tu. Bibi mmoja akanitazama mikono, akaniuliza, "Mwaka huu umetususa, mwanangu?" Nilifuturu kwa maji tu.

Mwaka uliofuata nikaanza ujinga wangu. Mashine ikiniambia nipunguze bei ya samaki, nabonyeza kama nimeshapunguza, lakini stika naitia mfukoni. Samaki anabaki na bei yake ileile, tena namsukuma nyuma ya rafu asionekane. Jioni sote tunachukua mabaki kwa ruhusa ileile ya zamani, na samaki huyo nambeba mimi. Kile chakula ambacho mashine iliwekwa ikiokoe, mimi nakifanya kiwe taka ili nikipeleke msikitini niitwe mkarimu. Nilikuwa mkali wa nyama isiyo halali, na hili nikalifumbia macho.

Kibaya zaidi bado. Kazini nina mwenzangu Mkongo, nitamwita Mama Furaha, mjane anayelea watoto watatu kule Thamesmead. Mashine hizi hazifanyi kazi mpaka uingize namba yako. Kila adhuhuri nikienda stoo kuswali, Mama Furaha ananishikia rafu zangu kwa mashine yake. Nikirudi ananikabidhi ileile, imeshafunguliwa kwa namba yake, yeye anakwenda kula. Si ruhusa, lakini ndivyo tulivyosaidiana miaka yote. Na huo mchana ndio wakati wa kupunguza bei. Ubaya wangu wote umeandikwa kwa namba yake. Nilikuwa najua. Nilijiambia hakuna anayeangalia.

Kumbe kompyuta ya makao makuu inaangalia. Imeona bei zinapunguzwa kila siku na chakula bado kinabaki, na namba ni moja tu. Meneja mpya amemsimamisha Mama Furaha, anasema alikuwa akikificha chakula makusudi ili akichukue. Jumatatu anahojiwa. Asipojieleza, kazi hana.

Nilimwambia mume wangu. Akasema, "Ukisema, unafukuzwa wewe. Na waliokula futari yako utawaambia uliwalisha nini?" Tangu hapo tunapishana ndani ya nyumba kama wageni.

Jana Mama Furaha akaja kwangu. Nilipomwona mlangoni nilidhani ameshajua. Hakujua kitu. Alikaa jikoni, akalia taratibu, akaniambia, "Dada, miye sikuiba. Lakini Kingereza ya mu ofisi inanishindaka. Wamesema naweza kuya na mutu mumoja, nikawaambia ni weye. Utanisemea, weye unaniyuaka." Nikamwitikia kwa kichwa. Akafuta machozi, akaongeza, "Ile ya kukupatia mashine sitaisema. Wasikusumbue bure."

Nilimmiminia chai.

Tangu jana nasali, nalia, nachukua simu nimpigie, naiweka. Nikisema, natoka kazini kwa aibu, na msikitini sijui nitaingia kwa uso gani. Nikinyamaza, watoto wa mwenzangu watakula nini?

Jumatatu nitakaa ubavuni kwake. Meneja atamuuliza kama kuna mtu mwingine aliyeishika ile mashine. Mama Furaha atasema hapana, kwa kunihurumia mimi, halafu wote wawili watanigeukia niifasiri hiyo hapana. Nishaurini jamani, nitasema nini?