Mpiga Video wa Kwaya Yetu

Mpiga video wa kwaya yetu, akifika mahali pa kurekodi, kwanza huvua viatu, akakanyaga nyasi, akafumba jicho moja na kusema, "Hapa patamu!" Kwa kumfuata yeye nimeuona mkoa wangu: vilima vya Heru Juu vikiwa na ukungu, mto Malagarasi ukipita kimya chini ya daraja. Sauti yake ni ya ugomvi. "Sare zisilowe! Na wewe mama uliyenuna tangu Kasulu, rudi nyuma." Mama huyo ni mimi; kila wimbo naimba nyuma ya migongo ya wenzangu.

Leo ametuleta ziwani. Ziwa! Mume wangu aliniahidi ziwa hili tangu uchumba, kisha akamleta huku yule mke aliyemwoa juu yangu. Nilipoona maji hayana mwisho, niliingia na sare yangu hadi magotini, nikacheka peke yangu kama mtoto. Nikangoja kufokewa. Yeye akaja taratibu, suruali imelowa, kamera begani.

"Endelea, mama. Usinitazame mimi."

Video hiyo itawekwa kwenye televisheni ya kinyozi pale sokoni Kasulu, anakoshinda mume wangu. Ataniona mbele, na ziwa lote likiwa nyuma yangu.