Nilivyokimbia vidonge vya daktari nikaishia kula mwiko wa ukoo wetu

Wakuu, heshima kwenu.

Leo sina stori ya rafiki wa rafiki. Hii imenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Kampala, na nitaisimulia ilivyo hata pale ninapoonekana mjinga. Na hapo ni pengi.

Kwanza nijieleze. Mimi ni Muganda, ila mzee alikuwa mwanajeshi, tumekulia kambini Makindye, Kiswahili nimekiokota huko. Kikinitoka cha gwaride mnivumilie.

Kazi yangu ni kupiga video za sherehe. Nina kaofisi Kamwokya juu ya saluni. Hasa napiga kwanjula, ile siku ambayo bwana harusi anakuja kujitambulisha nyumbani kwa kina binti, na zawadi zake zimejaa kwenye gari.

Sasa chekeni: mpiga video wa sherehe anaogopa watu.

Nikiwa nyuma ya kamera mimi ni simba. Kamera ikinigeukia, moyo unakwenda mbio, jasho linatoka hadi kwenye kucha, pumzi inakata, na nakuwa na uhakika kabisa kwamba nakufa. Rafiki yangu mmoja alinipa maiki niseme neno moja tu kwenye harusi yake. Nilitoka mbio nikapita kando ya keki, wageni wakadhani kuna nyoka.

Na wasiwasi haukuja peke yake. Kulikuwa na asubuhi nalala naangalia dari, sioni sababu ya kuvaa suruali. Nisiwadanganye, iliuma sana.

Nikaenda hospitali. Daktari, mama mmoja mpole, akanisikiliza hadi mwisho, akasema ni sonona pamoja na wasiwasi, akaniandikia vidonge. Akasema vitachukua wiki kadhaa kuanza kazi, na nisiviache ghafla.

Mimi nilisikia neno "vidonge". Mengine yote yakapita.

Mwanzoni nikapata mdomo mkavu na kichefuchefu. Chumbani nako... tuseme mke wangu alianza kufuatilia tamthilia nyingi. Nafuu sikuiona. Halafu nilikuwa nameza kwa kujificha, nimeviweka kwenye kopo la vitamini, maana mtaani kwetu ukijulikana unameza dawa za kichwa wewe tayari ni kichaa, watu wanasubiri tu uanze kuokota makaratasi.

Hapo ndipo mdogo wangu Hadija akatangaza anaolewa.

Mimi ndiye kaka yake pekee. Kwa mila yetu kaka wa binti anaitwa muko. Siku ya kwanjula anakuja mbele ya wageni wote, bwana harusi anamkabidhi jogoo, na hapo ndipo inajulikana binti ametolewa. Jogoo huyo hana mpokeaji mwingine. Nimerekodi kina muko wengi sana, najua hadi namna ya kumshika mabawa. Ila nikikimbia mimi, aibu ni ya Hadija mbele ya wakwe zake.

Nikapanic wakuu. Nikataka kitu cha haraka.

Mteja wangu mmoja akanipeleka kwa kocha wa wellness, huko juu kilimani Makindye. Jamaa ana shanga mpaka kwenye kifundo cha mguu, anatembea peku, lakini geti lake linafunguka kwa rimoti. Akaniambia vidonge vya hospitali ni kemikali, yeye anatoa microdosing, dawa ya mmea, kiasi kidogo kidogo kwenye kapsuli, asili tupu.

Nikamuuliza ni mmea gani.

Akasema, "Ukiupa jina, unaupunguzia nguvu."

Mimi nikaona hekima! Sonona inamfanya mtu akubali upuuzi mwingi.

Vidonge vya daktari nikavitupa siku hiyo hiyo. Kosa kubwa. Kila nikigeuza shingo, kichwa kinapiga shoti kama waya wa pasi mbovu. Nikampigia kocha, akasema hiyo ni sumu ya hospitali inatoka.

Nisiwe mnafiki, mara za kwanza nilijisikia mwepesi. Kama ni dawa au ni imani, sijui mpaka leo. Mara nyingine hakuna kitu. Mara nyingine ikazidi, maana kipimo cha kocha kilikuwa kijiko cha chai na macho yake mwenyewe.

Ikanikuta kazini. Kwenye kwanjula ya watu, muda ambao binti anatoka na shangazi zake, mimi nilirekodi mkungu wa matoke. Muda wote. Binti hayupo kwenye video. Matoke yapo, kwa karibu, yana nuru ya ajabu. Mama yake alipoona alinipigia simu, na aliyosema siyaandiki hapa, mods watafuta uzi.

Mtu mwenye akili angeacha. Mimi nikampeleka Ssenga.

Ssenga ni shangazi, dada wa baba. Kwetu ndiye mwenye mila: anafundisha mabinti ndoa, anajua ukoo hadi mizizi. Alikaa nasi kambini, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambi. Tangu mumewe afariki alikuwa amezimika, hacheki, chakula hagusi vizuri. Nikasema dawa ya mmea itamfaa.

Kocha kuona mama wa heshima amevaa gomesi yake, lile gauni letu la mabega yaliyochongoka, akafurahi. Akatufungulia chumba ambacho mimi sikuwahi kuonyeshwa. Rafu nzima ya chupa. Ndani ya chupa, uyoga mkavu.

Sasa wasio Waganda nisikilizeni. Kila ukoo wetu una mwiko wake, kitu ambacho watu wa ukoo huo hawali kabisa. Wengine ni samaki, wengine ni nyani. Sisi ni ukoo wa Butiko. Yaani uyoga.

Ssenga akaangalia chupa. Akaniangalia.

"Hii kitu ndiyo wewe nakula?"

"Ssenga, sikujua..."

"Banange! Mtoto ya ndugu yangu nakula butiko, halafu naniletea na mimi nikule!"

Kocha akaingilia, "Mama, huu ni mmea mtakatifu."

"Ssebo, uyoga si mmea! Hata mtoto ya primary najua!"

Akamtandika na mkoba. Shanga zikamwagika sakafuni, sisi hao tukatoka.

Tulipofika chini ya kilima nikakaa kwenye ngazi ya duka la watu nikalia. Mchana kweupe, mwanaume mzima na ndevu. Nikamwambia Ssenga yote: hospitali, vidonge nilivyotupa, woga wa jogoo.

Nilitegemea nitukanwe. Ssenga akafungua ule mkoba, akatoa boksi. Vidonge vile vile. Jina lile lile.

"Ssenga, si ulisema hizi ni za pressure?"

"Nilidanganya. Ningesema nini?"

Wakuu, familia nzima tulijua Ssenga ana pressure. Na namwelewa, maana Kampala pressure ni ugonjwa wa heshima. Ukiwa na pressure unaletewa matunda. Ukiwa na sonona unaletewa watu wa kukemea mapepo.

Tukarudi wote wawili kwa yule mama daktari. Hakunigombeza. Aliuliza nimemeza nini na lini, akasema kuchanganya vile vitu na vidonge kunaweza kuwa hatari, akanianzisha upya taratibu. Nikamuuliza, kwa hiyo huo uyoga ni uongo? Akasema kuna watafiti wanauchunguza, kwa vipimo na uangalizi, na bado wanabishana. "Lakini wewe hukuwa kwenye utafiti," akasema. "Ulikuwa kwa mtu mwenye kijiko." Na kisheria hapa ni kosa, hilo kocha hakulitaja.

Siku ya Hadija ikafika. Vidonge havikunigeuza mtu mwingine. Nilitetemeka, ila pumzi haikukata. Nikampokea jogoo, naye akawa anatetemeka, na kwenye video huwezi kujua nani anamtetemesha mwenzake.

Hadija alilia. Mimi nilibaki pale mpaka mwisho.

Baadaye tunakula, mama mmoja wa upande wa wakwe akamuuliza Ssenga, mbele ya meza nzima, pressure inaendeleaje.

Ssenga akaweka kijiko chini. "Mimi siko na pressure. Mimi niko na huzuni tangu mzee alikufa. Nakunywa dawa yake."

Nilitamani nizame ardhini.

Yule mama akamsogelea, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Daktari huyo anapatikana siku gani?"

Mimi nilichojifunza ni kwamba vidonge si miujiza na asili si mama yako. Usiache dawa bila kumwambia aliyekuandikia, na asiyetaka kukuambia unachomeza, usimeze chake.

Mnaotumia vidonge, semeni vimewafanyaje, mazuri na mabaya. Na nyie wa "cha asili hakina madhara", karibuni mnitukane, nina nguvu sasa.