Kapteni Ukoko

Mimi ni mpishi wa jeshi, na kabla sijafika mbali naomba mtu asicheke. Watu wakisikia mwanajeshi wanafikiria bunduki; wakisikia mpishi wa jeshi wanafikiria kitambi. Kitambi ninacho, sikatai, ila hakikuja bure. Nimewapikia maofisa wa kila namna: anayerudisha sahani kwa ajili ya chumvi, anayekula huku anagomba, anayetembea na kijiko chake mfukoni kama mganga. Wengi nimewasahau. Huyu sitamsahau, na kila nikitaka kumtaja mbele ya watu huwa nakaa vizuri kwenye kiti kwanza.

Alikuwa kapteni, mwanamke, mhandisi wa jeshi, na ndiye aliyeongoza kombania yetu ng'ambo, kwenye nchi ya watu ambako vita vilikuwa vimeisha lakini hofu bado. Kazi yetu ilikuwa kulinda amani, na kwa wahandisi amani ni barabara, visima na madaraja. Kimo chake kilikuwa kifupi. Siku ya kwanza alipopanda juu ya sanduku ili tumwone, Koplo Redio akanong'ona nyuma yangu, "Tumeletewa ofisa nusu." Huyu koplo tulimwita Redio kwa sababu hazimiki. Muulize leo kama anakumbuka maneno yale, utaona anavyoangalia chini.

Kambi yenyewe ilikuwa kando ya mto. Mahema kwa mistari, ofisi ndani ya kontena lililotobolewa dirisha, jenereta lililokohoa mchana kutwa, na jiko langu la mabati, ambalo sikuruhusu mtu aingie na buti zenye matope. Hema la Kapteni halikuzidi la mtu mwingine. Kitanda cha chuma, chandarua, sanduku la bati, na picha ya mumewe, mwalimu wa hesabu, amewabeba watoto wao wawili mmoja kila bega, miwani imemkaa upande. Kila asubuhi kabla ya tarumbeta alikuja jikoni na kikombe chake kuomba maji ya moto.

"Za asubuhi, Sajini. Jiko limeamkaje?"

"Jiko zima, afande."

"Na mwenye jiko?"

"Mgongo unalalamika, afande, ila haujaandika barua."

Alicheka kila siku, na utani ulikuwa uleule. Hapo ndipo nilipoanza kumpenda kama mwanangu, maana mke wangu mwenyewe aliacha kuucheka zamani.

Baada ya hapo alikwenda kukagua miguu. Naam, miguu. Maofisa wengine hukagua bunduki na vifungo vya shati, naye pia alikagua, lakini kwanza alisema, "Buti chini." Alichuchumaa mbele ya kila mtu na kumulika kwa tochi katikati ya vidole. Wanaume wazima walisimama wanaona haya kama bibi harusi. Alisema mtu mwenye ukurutu miguuni hawezi kubeba chuma, na chuma kisipobebwa hakuna daraja. Siku moja Redio, kwa uvivu wake, aliosha mguu wa kulia peke yake, kwa kuwa siku zote Kapteni alianza na huo. Siku hiyo Kapteni akaanza na wa kushoto. Tulicheka mpaka mlinzi wa lango akauliza kuna nini.

Halafu siku yake ilianza kumkimbiza: taarifa za redio kwa makao makuu, kikao na wazee wa kijiji kupitia mkalimani, kupima udongo, kugombana na mtu wa mafuta ya jenereta. Jumapili ilikuwa siku ya simu. Kambi nzima ilikuwa na simu moja ya kupigia nyumbani, na watu walipanga foleni. Yeye alisimama mwisho wa foleni, akiongea na aliyekuwa mbele yake habari za mke na watoto, kwa majina.

Na chakulani hivyohivyo. Ofisa anakula mwisho: hiyo ni desturi ya zamani jeshini, na wengi huikumbuka siku wakija wageni. Yeye aliishika kila siku. Alisimama mlangoni pa bwalo akiangalia sahani zinavyopita, na mtu wa mwisho akishapakua ndipo alipokuja na yake. Sufuria ikifika hapo imebaki nini? Ukoko. Sasa, sisemi ukoko ule wa nyumbani, mwembamba, una mafuta, watoto wanaugombania mpaka wanapigana vikumbo. Nasema ukoko wa sufuria ya kambi, iliyopikiwa kuni mbichi na moto usiosikia la mtu. Mweusi kama soli. Unautafuna, nao unakutafuna.

Siku ya kwanza niliona aibu. Nikamtengea pembeni sahani nzuri, wali mweupe na nyama juu, nikaifunika. Akaiona.

"Hii ya nani?"

"Yako, afande."

"Nani hajala?"

"Mlinzi wa lango."

"Basi ni yake." Akachukua mwiko mkononi mwangu akakwangua mwenyewe. "Usihangaike, Sajini. Mimi napenda ukoko."

Nikaamini. Kila mtu ana lake, na mimi nimeona watu wanaokula ndimu na maganda. Redio hakuchelewa. Kabla ya jua kuzama, kambi nzima ilikuwa inamwita Kapteni Ukoko. Jina likamfikia gwarideni, Redio mwenyewe aliporopoka. Kapteni akamtazama, akasema, "Afadhali, Koplo. Umenipa jina la kitu kinachoshibisha," akaendelea na gwaride. Tangu siku ile jina halikuwa kejeli tena.

Ikaja mvua. Aisifuye mvua imemnyea, na sisi ilitunyea mpaka mahema yakaota ukungu. Mto ukapanda, ukang'oa daraja la kijiji usiku mmoja. Zahanati ya kijiji ilikuwa upande wetu, na kambi yetu pia. Malori ya dawa na chakula yalikuwa upande wa pili. Helikopta hazikuweza kuruka kwenye mawingu yale. Makao makuu wakasema kwa redio: jengeni. Kana kwamba tulikuwa tumepanga kucheza bao.

Kapteni alikuja jikoni, akaangalia ghala langu, akakata kauli. Nusu posho kwa kila mtu hadi lori la kwanza lipite. Kisha akaingia mtoni. Sijatia chumvi hapo, ingawa ndiyo kazi yangu: aliingia mtoni, maji kiunoni, kamba begani, akipanga nguzo na vyuma pamoja na vijana wake. Ni yeye peke yake aliyejua kuusoma mto ule, wapi unachimba na wapi unapumzika. Akisema nguzo isogee, inasogezwa, na kweli inashika.

Nusu posho haiachi ukoko. Nilipunguza moto, nikaongeza maji, na kilichogandia chini akaniamuru nikiloweke niwape wanaotoka kwenye maji wanatetemeka. Yeye alichukua kikombe chake cha maji ya moto na sukari kidogo.

"Afande, hujala."

"Nitakula."

"Utakula nini? Sufuria hii inapiga mwangwi."

"Sajini, haya ni ya jikoni na yabaki jikoni. Usimwambie mtu. Hiyo ni amri."

Amri ni amri. Asubuhi moja akaja kuniomba msumari. Nilidhani wa daraja. Akavua mkanda wake, akauweka juu ya ubao wangu wa kukatia nyama, akatoboa tundu jipya, akajifunga, akaondoka. Nilikasirika sana, nikawafokea wasaidizi wangu wote bila kosa.

Siku hiyohiyo, akiwa juu ya boriti, alisimama ghafla akashika kamba kwa mikono miwili. Akayumba. Muuguzi wa kambi akamwambia, "Afande, mwili haujengwi kwa matofali. Unakula kweli?" Akajibu kuwa boriti inateleza. Wengine wakaamini. Mimi niliyejua habari ya mkanda sikuamini. Niliogopa jambo moja tu: akianguka pale, mto unamchukua, na daraja limekwenda naye. Kule zahanati kulikuwa na wajawazito na watoto wenye homa wanaosubiri lori. Lakini kwa kweli, katika saa ile sikuwafikiria wao. Nilimfikiria yeye.

Mchana ule nilipakua kama kawaida. Watu wakakaa na sahani zao. Kapteni bado alikuwa mtoni anafunga boriti. Nikaibeba sufuria tupu, nikaitoa jikoni, nikaiweka katikati ya bwalo, mwiko ndani yake. Sikusema neno. Amri ilikuwa nisiseme.

"Mzee Mwiko," Redio akaniita kwa jina walilonipa, "unatuonesha nini? Tushaijua sufuria yako."

Akainuka akachungulia ndani.

"Mbona safi? Ukoko wa Kapteni uko wapi?"

Nikaangalia sahani yake. Kisha nikaangalia sahani ya jirani yake, na ya mwingine. Redio naye akaziangalia. Nilimwona anaelewa, taratibu, mpaka uso wake ukabadilika. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, redio ilizimika.

Akachota kijiko kimoja cha wali kwenye sahani yake, akakitia kwenye sufuria. "Haba na haba," akasema, akarudi kukaa. Hakuna aliyemwamuru mwenzake. Waliinuka mmoja mmoja, kijiko, kijiko, hata yule kijana mkubwa wa kubeba vyuma ambaye huwa analamba sahani. Mlinzi wa lango alipokezana na mwenzake ili naye aje atie chake.

Kapteni akaingia amelowa, ameshika sahani yake. Akafika kwenye sufuria akasimama.

"Sajini, hiki nini?"

"Makombo, afande. Watu wamesaza."

"Wa nusu posho wanasaza tangu lini?"

"Tangu leo, afande."

Akageuka kuwatazama. Bwalo zima lilikuwa linafunga kamba za buti. "Koplo," akaita, "hii ni kazi yako?" Redio akasimama wima kama siku ya gwaride. "Afande, ofisa anakula mwisho. Sisi tumeshakula. Hakuna amri iliyovunjwa." Kapteni machozi yakamtoka mbele ya watu wote, na hakuyafuta. Akapakua, akakaa pale pale kati yao, akala mpaka akamaliza. Na mimi nililia, tena kwa sauti. Nilisingizia moshi, wakati moto nilikuwa nimeshauzima.

Walisaza hivyo kila siku hadi daraja likaisha. Lori la kwanza lilipokanyaga mbao, Kapteni hakusimama juu na wazee wa kijiji. Alisimama chini ya daraja lake, ndani ya maji, lori zima la dawa likipita juu ya kichwa chake, ili kila mtu aone kwamba analiamini. Daraja halikulia hata kidogo. Nimewahi kuona maofisa wakivishwa nishani, nikapiga makofi kwa sababu wengine wanapiga. Siku ile nilipiga makofi mpaka viganja vikavimba.

Jumapili iliyofuata foleni ya simu ilirudi. Ilipofika zamu yake nilikuwa karibu, nikamsikia anabembeleza, "Nakula, mama. Kweli. Basi muulize mpishi mwenyewe." Akanipa simu, akasogea kando kuzungumza na muuguzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Niambie ukweli. Mwanangu anakula?"

"Anakula, mama. Anakula wa mwisho, lakini anakula. Tena anapenda ukoko huyo, sijaona."

"Amekwambia anapenda ukoko?"

"Ndiyo, mama. Siku ya kwanza kabisa."

Akacheka, kicheko cha mtu aliyeshika shavu. "Huyo? Utotoni akiuona kwenye sahani alilia mpaka jirani anakuja kuuliza. Ule mweusi ulikuwa wangu. Walikuwa saba, baba, na sufuria moja. Niliwaambia naupenda, ili wasinibakizie chakula chao."

"Kumbe mpenzi wa ukoko ni wewe, mama."

"Mwanangu," akasema, "nani anapenda kitu kilichoungua?"

Nikamrudishia Kapteni simu. Akaniuliza mama yake amesema nini. Nikamwambia, amesema ule, afande.

Jioni ile nilipika wali mwenyewe, wasaidizi nikawafukuza. Nilipunguza moto mapema, nikakaa kwenye kigoda, sikuondoka kwenye sufuria wala kwenda kujibu salamu. Watu walipakua wakaisha. Kapteni akaja wa mwisho, kama kawaida yake, akachukua mwiko, akakwangua. Akakwangua tena.

"Sajini, ukoko uko wapi leo?"

"Leo haupo, afande," nikamwambia. "Kuna wali tu."